Sentensi Tano za Bwana Dauson

Vijana wa idara ya Kiingereza mliponiomba niandike miaka yangu ya kazi, nilijiuliza kwanza mnataka nini. Mkuu wenu alisema ni kwa ajili ya kumbukumbu ya shule. Nikasema moyoni, watu hawamkumbuki mwalimu mzee bure bure, labda wanatafuta funguo za kabati la mitihani. Basi funguo ziko kwa mhasibu, ndani ya bahasha ya kaki niliyoitia sahihi juu ya gundi ili nijue kama itafunguliwa. Sasa kama bado mnataka kusoma, someni.

Mimi ni mtu wa kushuku, nanyi mnajua. Sikuzaliwa hivyo. Nilizaliwa Kigonsera, kwa wazazi waliokuwa wakiacha mlango wazi wanapokwenda misa. Kushuku nilijifunzia kazini, na aliyenifundisha alikuwa mtu mwema kabisa, Mwalimu Gaudensi, aliyenipokea siku ya kwanza hapa Mbinga na kunikabidhi kipande cha chaki, kifutio cha gunia na kidato cha kwanza chenye watoto wengi kuliko madawati.

Siku ile nilifundisha kitenzi "go". Nilijiona mjanja kuanza na neno dogo. Nikaandika ubaoni: leo "go", jana "went", na aliyekwisha kuondoka "gone". Mtoto mmoja wa Litembo akasimama akauliza, kwa heshima zote, kama "walk" inakuwa "walked", mbona hii haifuati wenzake, na ni nani aliyeamua hivyo. Nilidhani ametumwa na wenzake anipime, nikamwambia akae chini asilete utundu. Nilivyotoka nikakuta Mwalimu Gaudensi amesimama chini ya dirisha, amesikia yote.

"Mwalimu Benigna," akasema, "yule mtoto ameuliza swali zuri. Ungesema hujui, angekupenda."

Kesho yake alinionyesha njia yake ya kufundisha neno hilo, ambayo nimeitumia mpaka mwisho na nawaachia ninyi. Mtoto anasimama mbele, anasema anakwenda mlangoni, na anakwenda kweli. Akirudi, darasa linasema alikwenda. Kisha anatoka nje kabisa na mlango unafungwa. Hapo ndipo darasa linaulizwa yuko wapi, na watoto wote wanajibu "He has gone." Yeye aliyetoka hawezi kulisema la kwake. Wanalisema waliobaki ndani. Watoto hawakulisahau tena, ingawa kila mwaka kulikuwa na mmoja aliyetoka nje akaenda zake kuokota mapera.

Jambo la pili alilonifundisha ni kusahihisha. Usisahihishe karatasi ya mwanafunzi mmoja mpaka mwisho, alisema. Chukua swali la kwanza, lisahihishe kwenye karatasi zote, ndipo uende la pili. Hivyo walioandikiana wanajitokeza wenyewe. Nilifurahi sana kwa mbinu hiyo. Kwa mwaka mzima wa kwanza nilikamata wanafunzi kama mtu anayechuma uyoga baada ya mvua, na kila nilipokamata, Mwalimu Gaudensi aliniuliza kama nimeshazungumza nao. Nilikuwa nimeshaandika ripoti tayari. Alistaafu akaenda kulima kahawa yake, nami nikabaki na mbinu bila hilo swali.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa mnabebwa mgongoni. Mbinga yote ilijaa wanunuzi wapya wa kahawa waliokuja na magari yao wakati chama cha ushirika bado kinatafuta funguo za ghala. Mitumba ikafika mpaka Lituhi. Kule stendi zikaanza kuuzwa karatasi zilizopigwa mashine, eti maswali na majibu ya mitihani iliyopita, na nyingine zikanong'onwa kuwa ni za mitihani ijayo. Kila kitu kilikuwa na mwuzaji, nami nikaamini kuwa mtihani wangu pia una wa kwake. Nilikuwa nikikaa karibu na karani anapochapa stensili, nikisimama mlangoni mashine ya kurudufu inapozungushwa, kisha nikiichoma stensili kwa mkono wangu nyuma ya jiko la shule. Karani alipovaa koti jipya nilimwangalia wiki nzima. Baadaye nilisikia koti lilikuwa la marehemu kaka yake.

Mwaka huo nilitunga mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Swali la sita lilitaka sentensi tano zenye neno "go" katika sura ya "gone". Nikasahihisha swali kwa swali, kama nilivyofundishwa, na nilipofika la sita mkono ulisimama. Wanafunzi wanne walikuwa wameandika sentensi zilezile tano, kwa mpangilio uleule. Si kufanana, zilikuwa zilezile. Wote wanne walitoka kijiji kimoja cha ufukweni, kati ya Lituhi na Mbamba Bay, na mtihani waliufanya katika vyumba viwili tofauti. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "Mr. Dauson has gone to Nkhata Bay." Yaani Bwana Dauson ameshakwenda Nkhata Bay, ng'ambo ya ziwa, Malawi. Nyingine nne zilitaja watu wengine walioondoka, mmoja kwa mashua, mmoja asubuhi, na kadhalika.

Nakiri kwamba niliona raha. Nilikuwa nimempata. Huyo Dauson ndiye mwuzaji, nikajiambia, na majibu anayaleta kutoka ng'ambo.

Kati ya wale wanne watatu walikuwa wavulana, na wa nne alikuwa msichana, Esta, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Wavulana niliwaita wakatetemeka wakasema hawajui. Esta hakutetemeka, nalo nikaliona ni kosa.

"Esta, sentensi hizi umezitoa wapi?"

"Nyumbani, mwalimu."

"Nyumbani kwa nani?"

"Ufukweni. Tunafundishwa tukivuta wavu."

"Mnafundishwa Kiingereza mkivuta wavu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na huyu Dauson ni nani?"

Akaangalia sakafu kidogo. "Hatujawahi kumwona, mwalimu."

Nikaandika kwenye daftari: amejibu kwa dharau, anaonekana ndiye mkubwa wa kundi. Mstari huo nikaupigia mstari chini kwa kalamu nyekundu, nikaupeleka kwa mkuu wa shule. Daftari hilo ninalo mpaka leo.

Mkuu wa shule alikuwa na haraka. Orodha ya watahiniwa wa mtihani wa taifa ilitakiwa kwenda Songea Ijumaa ya wiki ile, na ambaye jina lake halimo asingefanya mtihani. Tulikuwa Jumatatu. Akasema hataki shule yake ifungiwe kwa sababu ya watoto wanne, bora awakate mwenyewe kabla hajakatwa yeye. Nikamwomba siku chache nishuke ziwani nimtafute mwuzaji, nije na ushahidi.

"Ijumaa saa nne, Mwalimu Benigna," akasema. "Usipokuwa umerudi, nitafuata hicho ulichoandika."

Nilikubali bila kufikiri, maana nilichoandika nilikiamini.

Jumanne nilipanda lori lililokuwa likirudi Mbamba Bay kuchukua samaki, na Jumatano asubuhi nikapata mashua ya injini iliyokuwa ikipanda kaskazini. Sikumwambia mtu kuwa mimi ni mwalimu. Nilivaa khanga, nikabeba gunia tupu, nikasema natafuta usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, nikauze Mbinga. Nilijiona mpelelezi hodari. Nilivyofika kijijini nikauliza bei za usipa kwa watu wawili, kisha nikamwuliza wa tatu, mwanamume aliyekuwa akiziba mashua kwa lami, kama anamfahamu Bwana Dauson.

Akaacha kuziba.

"Unamtaka wa nini, mama?"

"Nina shida naye tu."

"Hayupo."

"Atarudi lini?"

"Hilo, mama, hata ziwa halijui," akasema, akarudia kazi yake.

Niliuliza kwingine. Kila niliyemtajia jina hilo alinitazama kuanzia miguuni, akasema hayupo, na mwingine akaingia ndani akafunga mlango. Moyoni nikasema, kumbe kijiji kizima kimo. Sikujua kwamba nao walikuwa wamekaa kikao juu yangu. Enzi hizo sabuni na vitenge vilivuka ziwa bila kupitia popote panapostahili, na mwanamke mgeni mwenye gunia tupu, asiyeomba kupunguziwa bei, anayeuliza habari za ng'ambo, hawezi kuwa mchuuzi. Walishaamua kuwa nimetumwa na watu wa ushuru. Jumatano nzima tulichunguzana hivyo, mimi na wao, kila upande ukijisifu kwa werevu wake. Jioni mashua iliyokuwa ikirudi Mbamba Bay ilipita, nahodha akaniuliza kama napanda. Kama ningekuwa nimesema toka asubuhi mimi ni mwalimu wa Esta, ningekuwa nimeshajua yote na kupanda. Nikasema bado.

Alhamisi asubuhi nilishuka ufukweni nikakuta wavu unavutwa. Watu walikuwa wameshika kamba mbili, upande huu na upande ule, wavu wenyewe ukiwa bado mbali majini, na kila kamba ilikuwa na watoto wengi nyuma ya watu wazima. Katikati ya kamba hizo alitembea bibi mmoja mfupi mwenye fimbo, sketi ameikunja mpaka magotini. Akapaza sauti:

"Mr. Dauson!"

Na kamba zote mbili zikajibu kwa pamoja, zikivuta: "Has gone to Nkhata Bay!"

Gunia lilinitoka mkononi. Akaita jina la pili, zikajibu zikivuta. La tatu. Zile sentensi tano zote, kwa mpangilio uleule wa karatasi zangu. Zilipokwisha akaanza upya na Dauson, na wavu ukasogea. Mtoto aliyefumba mdomo aliguswa fimbo begani, na wavu ulipofika mchangani niliona kuwa watoto walioitikia walipewa usipa wao kwenye vibakuli, na yule aliyefumba mdomo akaambiwa aseme kwanza peke yake. Alisema, akapewa.

Nikamsogelea yule bibi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mtu wa ushuru?"

"Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Nimetoka Mbinga. Namfundisha Esta."

Akacheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi. "Mwalimu! Sasa siku mbili unatuzunguka kama kuku anayetaka kutaga, si ungesema?"

Jina lake lilikuwa Bibi Melina. Alizaliwa ng'ambo, akasoma shule ya misheni kule, na Dauson, kijana wa kijiji hiki, alimwoa akamleta huku. Mwaka mmoja Dauson alivuka kwenda kuwasalimia wakwe zake, hakuonekana tena. Bibi Melina akabaki na wavu wa mumewe. Watoto walikuja kusaidia kuvuta ili wapate kitoweo, naye akaona hawezi kuwapa samaki tu, awape na Kiingereza kidogo cha shule yake. Akaanza na jina la mume. Baadaye wengine walivuka bila kurudi, naye akawaongeza. Utaratibu wao ulikuwa mmoja tu: aliyerudi anakuja kushika kamba asubuhi mbele ya watu wote, na siku hiyohiyo jina lake linaachwa.

"Wewe unadhani alipatwa na nini?" nikamwuliza. Ndiyo mimi, hata hapo sikuweza kujizuia.

"Wengine wanasema maji. Wengine wanasema mwanamke," akajibu. "Mimi nasema 'has gone'. Hilo halimsingizii mtu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Esta alikuwa ameniambia kweli tupu, kwa maneno machache yasiyohitaji ushahidi wowote, nami nimeyaandika kuwa dharau. Nikauliza mashua. Alhamisi hakuna, wakasema, ya kwanza ni Ijumaa mchana. Nikakaa juu ya gunia langu nikaangalia maji. Nililia, siwafichi.

Ijumaa saa nne ilinikuta ufukweni palepale. Mbamba Bay nilifika jioni, na Jumamosi asubuhi lori likapandisha mlima. Kwenye kona moja tulipishana na lori jingine linaloshuka, limejaa watu juu ya magunia ya mahindi, na sikuangalia ni akina nani. Mchana nilikuwa ofisini kwa mkuu wa shule nikiongea kabla sijakaa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Orodha ilikwenda jana," akasema. "Wavulana niliwaacha wabaki humo, wazazi wao walikuja wakasimama hapa mlangoni. Nimemkata yule mmoja uliyempigia mstari."

"Yuko wapi?"

"Ameondoka asubuhi hii na sanduku lake. Hukukutana naye njiani?"

Niliandika barua Songea, na nyingine, na nyingine. Ya nne ilijibiwa: mwanafunzi anaweza kujiandikisha mwaka ujao kwa pendekezo la mwalimu wake. Pendekezo niliandika usiku uleule, na likizo ilipofika nikashuka nalo ziwani, safari hii nikiwa nimevaa gauni langu la kazi na kujitambulisha kwa kila niliyekutana naye. Baba yake Esta alinipokea vizuri, jambo lililoniumiza zaidi. Alikuwa mvuvi mpole asiyethubutu kusimama mlangoni pa ofisi yoyote. Aliishika ile barua kwa mikono miwili.

"Mwalimu, amechelewa kuiona. Alikaa hapa wiki tatu hataki kutoka ndani. Shangazi yake wa ng'ambo akamchukua."

Asubuhi yake nilishuka ufukweni. Bibi Melina aliita Dauson, kamba zikajibu. Akaita wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Kisha akaita jina la sita.

"Esta!"

"Has gone to Nkhata Bay!"

Watoto walivuta kwa nguvu ileile, hawakunijua. Bibi Melina akanitazama, akaninyooshea mkono kuelekea kamba, akisema njoo, mwalimu, shika. Nikashuku. Nikadhani anataka kunitahayarisha mbele ya watu, niitike jina la mtoto niliyemwondosha mwenyewe. Nikatikisa kichwa, nikapanda mashua.

Baada ya hapo nilifundisha miaka mingi, na haya ndiyo mabadiliko pekee ninayoweza kuwaonyesha: bado nilisahihisha swali kwa swali, lakini kalamu nyekundu niliiacha mezani mpaka nimemwita mtoto, nimemsikia, nimemwuliza tena. Wengine wenu mliniona mkacheka kwamba Mwalimu Benigna anachelewesha matokeo. Na kila alipoletwa mwanafunzi kutoka ufukwe ule, nilimwita peke yake aniimbie majina ya kamba. Esta alikuwamo kila mwaka. Niliweka alama kwenye lile daftari, chini ya mstari mwekundu.

Muhula wangu wa mwisho aliletwa msichana wa kidato cha kwanza. Nikamwita. Akaanza na Bwana Dauson, akaendelea, akapita mahali pa Esta bila kumtaja. Nikadhani amesahau, nikamrudisha. Akapita tena.

"Na Esta?"

"Alirudi, mwalimu. Alishika kamba. Siku hizi ndiye anayeita, tangu Bibi Melina afariki."

 Nilifurahi hata nikamshika yule mtoto mkono, akashtuka. Nikamwambia amalizie, na akamaliza kwa sentensi ambayo sikuwahi kuisikia: "The teacher has gone to Mbinga."

"Mwalimu gani huyo?"

"Hatujawahi kumwona, mwalimu. Dada Esta anasema alikuja mara mbili akaondoka bila kushika kamba."

Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile, na mnanijua, nimeyageuza kila upande. Inawezekana ananishtaki mbele ya ziwa zima kila asubuhi. Inawezekana ananingoja. Daftari la mstari mwekundu nimelitia kwenye mkoba, pamoja na gauni la kulowana, na gari la Mbamba Bay linaondoka kesho alfajiri. Safari hii nikifika sitamwuliza mtu chochote kwanza. Nitavua viatu, nitakwenda kusimama nyuma ya watoto, na nitaivuta kamba mpaka wavu utoke majini.